Je, wajua kwa nini mvua huweza kuhamisha shabaha ya bunduki?

Chukua bunduki ya bolti, ile ambayo mpigaji huinua mkono wa chuma na kuuvuta nyuma ganda litoke, kisha huusukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Ifunge darubini nzuri, irekebishe mpaka matundu yaangukie katikati ya shabaha, halafu iweke. Irudishe uwanjani baada ya wiki mbili za mvua. Mpigaji ni yuleyule, risasi ni za boksi lilelile, umbali haujabadilika, lakini matundu sasa yako kando. Darubini haijaguswa na mtu. Kilichosogea ni mbao.

Aliyewahi kusukumana na mlango wakati wa masika anaijua tabia hii. Mbao hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa, na si lazima irudi kama ilivyokuwa. Kwenye mlango utasumbuka na kitasa. Kwenye bunduki, mbao hiyo ndiyo iliyobeba chuma chote, tangu kitako hadi chini ya mtutu, na ikijipinda kidogo tu inaanza kuusukuma mtutu upande mmoja.

Msukumo huo una uzito kwa sababu mtutu hautulii. Ni chuma kirefu kilichoshikwa upande mmoja, na baruti inapolipuka hutikisika wote. Risasi hupita ndani yake kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo inatoka mtutu ukiwa bado katikati ya mtikisiko. Hilo peke yake halina ubaya, mradi mtikisiko uwe uleule kila mara. Piga uzi wa udi, kisha uguse kwa ncha ya kidole na uupige tena: sauti imekuwa nyingine. Mbao inayogusa mtutu ndicho kidole hicho, na kinachochosha zaidi ni kwamba leo kinabonyeza hivi na kesho vile.

Wapigaji hupima mtawanyiko wa matundu kwa dakika ya nyuzi, yaani sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 dakika moja ni kama sentimita 2.9, na kwa mita 300 inakaribia sentimita 9. Bunduki inayoweka matundu yake yote ndani ya dakika moja ni bunduki ya kuheshimiwa. Lakini yahesabiwe matundu 10. Matatu yaliyobanana yanaweza kuwa bahati tu, na wengi wamejidanganya kwa karatasi ya namna hiyo. Matundu yakiwa pamoja lakini mahali pasipotakiwa, darubini itayahamisha. Yakitawanyika, hakuna darubini itakayoyakusanya.

Jeshi la Marekani liitwalo Marine Corps lilijifunza jambo hili Vietnam. Mwaka 1966 lilichukua bunduki iliyotokana na ile ya uwindaji, Remington 700, likaiita M40, ikiwa na mwili wa mbao ya mjozi. Katika joto na unyevu wa msituni mbao zilivimba na kujipinda. Katika miaka ya 1970 mafundi wa jeshi hilo huko Quantico, Virginia, waliijenga upya kama M40A1 kwa mwili wa faiba, kitu ambacho mvua haikivimbishi.

Waingereza walikuwa wamepitia njia nyingine. Lee-Enfield, bunduki ambayo askari wa King's African Rifles kutoka kwetu walikwenda nayo Burma na kushuka nayo bonde la Kabaw katika mvua za monsuni mwaka 1944, ilifunikwa mbao karibu mpaka mdomoni. Askari walifundishwa kuipaka mbao hiyo mafuta ya kitani ili isinywe maji. Zile zilizoonyesha shabaha nzuri kiwandani ziliteuliwa, zikapelekwa kwa watengenezaji bunduki wa Holland & Holland zifungwe darubini. Mwaka 1970 baadhi yake zikageuzwa kuwa L42A1: mtutu mpya mzito, na mbao ya mbele ikakatwa ili isiuguse tena.

Huo ndio mtindo ulioenea hadi leo. Mtutu huachwa huru, na sehemu ya chuma iliyo nyuma yake hulazwa juu ya epoksi, gundi ngumu, iliyomiminwa ndani ya mbao na kuganda kwa umbo la chuma chenyewe, ili isicheze hata unywele. Skurubu nazo hukazwa kwa nguvu ileile kila zinapofunguliwa. Naona kazi hii ndiyo ya kwanza kufanywa, kabla ya kununua mtutu wa bei kubwa.

Yapo mengine. Mdomo wa mtutu ukipata kovu, gesi huwahi kutoka upande mmoja na kuiyumbisha risasi, ndiyo maana ufito wa kusafishia huingizwa kutokea nyuma. Mtutu mwembamba ukipata moto nao huhama, basi uachwe upoe. Risasi nazo zina ndugu na wageni: katika mchezo wa Olimpiki wa mita 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, na wapigaji hujaribu toleo baada ya toleo la risasi, bunduki ikiwa imebanwa kwenye chuma, mpaka wapate linalokubaliana na mtutu wao.

Kuhusu mbao, kipimo chake ni kipande cha karatasi. Kipitishe kati ya mtutu na mbao, anzia mdomoni urudi nyuma taratibu. Kikikwama kabla hakijafika penye chuma kilicholazwa, hapo ndipo fundi atakapopitisha msasa.