Hasara ya nyumba ya mapumziko Marekani: yanayosemwa na sheria inavyotaka

"Gharama zimezidi pango, basi hasara naikata kwenye mshahara." Dhana hii imewaponza wengi, kwa sababu sheria ya kodi ya Marekani huanza kwa kuhesabu siku. Ukiitumia nyumba mwenyewe zaidi ya siku 14, au zaidi ya asilimia 10 ya siku ulizoipangisha kwa bei ya soko (hushikwa kiwango kikubwa kati ya hivyo viwili), inakuwa makazi yako. Tuseme umeipangisha siku 120, ukakaa humo siku 20. Asilimia 10 ni siku 12, kwa hiyo kikomo chako ni 14, nawe umekivuka. Matengenezo na uchakavu (kushuka kwa thamani ya nyumba kunakohesabiwa kama gharama kila mwaka) vikizidi pango kwa dola 5,000, hela hiyo haigusi mshahara wako. Inasubiri mwaka mwingine, ifidiwe na pango la nyumba hiyohiyo.

"Dada yangu alilipa bei kamili, siku zake si zangu." Ni zako. Siku za ndugu, mzazi au mtoto huandikwa kwako hata wakilipa, ila kama wanaishi hapo kama makazi yao makuu na wanalipa bei ya soko. Hata wiki uliyoitoa kwa mnada wa hisani huhesabiwa. Lakini siku uliyoshinda ukirekebisha paa haihesabiwi, hata watoto wakiwa wanaogelea. Weka daftari la siku na risiti za mbao na rangi, tafadhali; bila hizo utabishana kwa maneno matupu.

"Nisipokaa humo kabisa, hasara yote naikata." Kwa kawaida sheria huuchukulia upangishaji kama shughuli tulivu, yaani ya kuingiza pesa bila wewe kuifanyia kazi mara kwa mara, na hasara yake hukata mapato tulivu tu. Anayeshiriki maamuzi anaweza kukata hadi dola 25,000 kwenye mapato mengine, lakini nafuu hiyo huanza kupungua mapato yakipita dola 100,000 na kwisha yakifika 150,000. Linalosahaulika zaidi, na ndilo linalonisikitisha, ni hili: wageni wakikaa wastani wa siku 7 au pungufu, nafuu hiyo haipo. Ili uikate hasara kwenye mapato mengine, itabidi uthibitishe umeifanyia kazi mwenyewe kwa kiwango kikubwa, mfano zaidi ya saa 500 kwa mwaka. Hasara iliyokwama haipotei. Hufunguka ukiiuza nyumba yote kwa mtu asiye na uhusiano nawe.

"Hata pango la wiki moja hutozwa kodi." Ukiipangisha chini ya siku 15 kwa mwaka nyumba unayoitumia kama makazi, pango hilo halitozwi. Gharama za kupangisha nazo hazikatwi.