Mafuta ya kiraka kwenye gobori: kazi yake na namna ya kuyachagua

Mafuta ya kiraka ni kilainishi kinachopakwa kwenye kipande cha kitambaa kinachovikwa goroli ya madini ya risasi kabla haijashindiliwa ndani ya mtutu wa gobori. Wanaoanza hudhani kazi yake ni kuifanya goroli iteleze, basi huchukua mafuta yoyote yaliyo karibu, hata ya injini. Kuteleza ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ya mafuta haya ni kuyafanya masizi ya baruti yabaki laini, na mtu akilielewa hilo ataweza kuchagua mwenyewe bila kukariri orodha ya majina ya mafuta.

Tuanze na kiraka chenyewe. Katika karne ya 18, mafundi wa Kijerumani waliohamia Pennsylvania, hasa maeneo ya Lancaster, waliunda bunduki ndefu iliyokuja kuwa silaha ya wawindaji wa Marekani. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji iliyopinda, ili goroli itoke huku inazunguka na isiyumbe njiani. Taabu ni kwamba bunduki hii hujazwa kwa mbele, na goroli inayokaza kwenye mifereji ingehitaji nyundo ili ifike chini. Dawa yake ikawa goroli ndogo kidogo kuliko tundu, iliyofunikwa kitambaa. Kwa mtutu wa inchi 0.50, yaani milimita 12.7, goroli inayotumika sana ni ya inchi 0.490, na kiraka huwa na unene wa karibu inchi 0.015, chini ya nusu milimita. Kitambaa ndicho kinachoingia kwenye mifereji, kinachoishika goroli na kuizungusha, na kinachozuia gesi isipite pembeni. Goroli ikitoka, kiraka huachana nayo na kuanguka hatua chache mbele ya mdomo wa bunduki. Lazima kiwe cha pamba au kitani, kimefuliwa kikatoka wanga wa kiwandani. Nailoni na poliesta huyeyuka kwa joto na kugandia mtutu.

Bunduki nyingi za aina hiyo zilichongwa kisanduku kwenye kitako, kwanza chenye kifuniko cha mbao na baadaye cha shaba, ambamo viraka vilivyokwisha kupakwa mafuta viliwekwa tayari. Jeshi la Uingereza lilipoanza kutumia bunduki ya Baker mwaka 1800, nayo ilikuja na kisanduku cha shaba kitakoni.

Magobori mengi yaliyofika bara la Afrika Mashariki hayakuwa ya namna hii. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliminya uingizaji wa bunduki zenye mifereji na kuacha nafasi, kwa masharti, kwa zile za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zenye mtutu laini. Mtutu laini hauna mifereji ya kuizungusha goroli, hivyo kizibo cha tambara au nyuzi hutosha kuishikilia baruti na risasi mahali pake. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuona gobori la kijijini likishindiliwa anaweza kushangaa kusikia habari za kiraka chenye mafuta, na hana kosa.

Sasa tuje kwenye baruti, maana hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura asilimia 75, makaa asilimia 15 na salfa asilimia 10. Inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa vitu vigumu, vingi vikiwa chumvi za potasiamu. Sehemu yake hutoka kama ule moshi mweupe mzito, na sehemu hubaki imegandia mtutu kama ukoko chini ya sufuria. Ukoko huo hunywa unyevu wa hewani na kuleta kutu kwa kasi ya ajabu. Ukikauka, hasa siku za jua na upepo mkavu, huwa mgumu. Risasi ya kwanza hushuka vizuri, ya tatu inashuka kwa nguvu, ya tano mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, unakwama nusu ya njia.

Kukwama huko ni hatari. Goroli ikiishia katikati, kati yake na baruti hubaki nafasi tupu, na bunduki ikifyatuliwa katika hali hiyo mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mikononi mwa mpigaji. Wenye uzoefu huuchora mdeki alama inayoonyesha goroli imekaa barabara juu ya baruti, na hawapigi mpaka waione. Mafuta mazuri ya kiraka huyalainisha masizi ya mlio uliopita, na kiraka kipya kinaposhuka kinayasukuma chini pamoja nacho. Yaani kila unapojaza bunduki, unaifagia kidogo.

Swali la kwanza la kujiuliza basi ni hili: goroli itakaa mtutuni kwa muda gani kabla ya kufyatuliwa?

Kwenye mashindano ya shabaha, jibu ni dakika chache. Huko Friendship, Indiana, chama cha kitaifa cha Marekani cha wapigaji wa bunduki hizi, NMLRA, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina viwanja vyake, na anayeshindana hujaza, hupiga, hujaza tena. Kwa mtu wa namna hiyo maji hayana mpinzani, kwa kuwa chumvi za baruti huyeyuka kwenye maji kuliko kwenye mafuta ya aina yoyote. Njia ya kale kuliko zote ni mate: mpigaji hutafuna kiraka huku anapima baruti, kisha hukiweka mdomoni mwa mtutu. Kinafanya kazi vizuri sana. Mimi sikipendekezi, kwa sababu vidole vilivyoshika risasi mchana kutwa vina madini yenye sumu, na kuvipeleka mdomoni kila baada ya dakika tano ni kujitafutia maradhi. Maji yenye matone ya sabuni ya vyombo yanatoa matokeo yaleyale.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona bora kwa shabaha: mafuta yanayochanganyika na maji, kama yale yanayomiminwa kwenye mashine za kukatia chuma, au Ballistol, ambayo Wajerumani wanaitengeneza tangu mwaka 1904. Mchanganyiko hugeuka mweupe kama maziwa. Sehemu moja ya mafuta kwa sita au saba za maji ni kipimo kinachotumika sana. Kitambaa huloweshwa, kikatandazwa juu ya kitu bapa, kikaachwa kikauke kabisa. Maji yanaondoka na mafuta yanabaki yametawanyika sawasawa kwenye nyuzi. Faida iko hapo. Kiraka unachokipaka kwa kidole, kimoja kinapata mafuta mengi na kingine machache, na goroli hutoka kwa kasi tofauti kila mlio. Ukitaka mafuta mengi zaidi kitambaani, ongeza kipimo cha mafuta kwenye maji, kausha, kisha jaribu tena shabahani. Mtu mwenye subira hupata kipimo cha bunduki yake, na mara nyingi kinatofautiana na cha bunduki ya jirani yake hata kama zimetoka karakana moja.

Mwindaji ana shida nyingine kabisa. Anajaza alfajiri na huenda asifyatue mpaka jioni, au asifyatue kabisa siku hiyo. Kiraka chenye maji au mate kitakauka kikiwa ndani, kitaacha duara la kutu pale kilipokaa, na unyevu wake utaingia kwenye baruti iliyo chini. Anahitaji shahamu au nta. Wawindaji wa misitu ya Marekani walitumia walichonacho: mafuta ya dubu, shahamu ya ng'ombe au kondoo, nta ya nyuki. Hadi leo mchanganyiko wa nta na mafuta ya wanyama, au nta na mafuta ya zeituni, hautii aibu. Cha kuzingatia ni kwamba mafuta ya wanyama yasiwe na chumvi, la sivyo unapaka kutu kwa mkono wako mwenyewe. Pia mafuta mepesi mno hujipenyeza polepole hadi kwenye baruti, na mlio unakuwa dhaifu. Wengine hutanguliza kizibo kikavu cha sufi iliyoshindiliwa juu ya baruti, halafu ndipo goroli na kiraka chake, na ni tahadhari nzuri.

Hali ya hewa ndiyo inayoamua kiasi cha nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, shahamu huyeyuka mapema zaidi. Kwenye joto kali shahamu tupu hutiririka ndani ya mfuko. Kwenye baridi ya Desemba kaskazini mwa Marekani, kiraka chenye nta nyingi huwa kama ubao. Nta zaidi kiangazi, mafuta zaidi majira ya baridi.

Mafuta ya injini na grisi ya magari, ziache. Yakikutana na moto wa baruti nyeusi huacha lami ngumu ambayo maji hayaiondoi. Utasikia watu wakiikataza jamii nzima ya mafuta ya petroli, lakini katazo hilo linapita kiasi: Ballistol yenyewe ina mafuta ya madini yaliyosafishwa na inafanya kazi vizuri.

Kwamba aina ya mafuta ni jambo zito, India ya mwaka 1857 ni ushahidi wa kutosha. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 haikutumia kiraka bali karatasi iliyofunga baruti na risasi, na karatasi hiyo ilipakwa mafuta kwa sababu ileile ya masizi. Askari wa Kihindi wa jeshi la Waingereza alitakiwa kuing'ata ili kuifungua. Habari zikaenea kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na nguruwe, ambayo Mhindu hawezi kuyatia mdomoni na Mwislamu vilevile. Mapema mwaka huo amri ilitolewa kwamba karatasi zitolewe bila mafuta na askari wapake wenyewe wanachokitaka, lakini imani ilikuwa imeshavunjika. Tarehe 24 Aprili huko Meerut, askari 85 kati ya 90 waliokuwa gwarideni walikataa kuzigusa. Tarehe 10 Mei maasi yakalipuka. Walikuwa na manung'uniko mengine mengi dhidi ya Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiitawala India, na mafuta hayakuwa chanzo pekee. Ninalotaka kusema ni kwamba hapakuwa na ulazima wowote wa kiufundi. Nta na mafuta ya mimea hulainisha masizi sawasawa na shahamu, na yeyote anayejali kilicho halali kwake anaweza kupiga maisha yake yote bila kugusa mafuta ya mnyama.

Ukishachagua, usiamini maneno ya mtu wala maandishi ya kopo. Piga mara tano, kisha nenda mbele uokote viraka. Kiraka kizuri huwa na weusi katikati na alama za mifereji pembeni, zenye umbo la msalaba au nyota, na kitambaa kizima. Kikiwa kimeungua katikati na kutoboka, mafuta ni machache au kitambaa ni chembamba mno. Kikiwa kimekatwa kwenye mistari ya mifereji, huenda mdomo wa mtutu una ncha kali, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia, fundi ausugue. Weusi ukiwa umevuka hadi kingo za kitambaa, gesi inapita pembeni: jaribu kiraka kinene zaidi. Na kama viraka ni vizima lakini goroli zinasambaa shabahani, punguza mafuta kabla hujabadilisha kitu kingine.

Mwisho kuna mafuta ya kutunzia bunduki, ambayo si mafuta ya kiraka ingawa watu huyachanganya. Haya hupakwa mtutuni baada ya kuosha kwa maji ya moto na kukausha, yazuie kutu hadi siku nyingine. Siku hiyo ikifika, yafute yote kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kumimina baruti. Yakibaki chini ya mtutu, mlio wa kwanza ama hautawaka, ama utaacha ile lami.