Mgawanyo wa maeneo ya misheni: kwa nini ukitajiwa kijiji unaweza kukisia dhehebu

Mtu akikwambia kwao ni Machame wengi wetu tunakisia ni Mlutheri, akisema Kilema au Rombo tunasema huyo Mkatoliki, akitokea Rungwe basi Mmoraviani, akitokea Masasi Mwanglikana, na ukivuka mpaka kwenda Kenya ni hivo hivo, Kaimosi ni Quaker (wanaoitwa pia Marafiki), Kisii ni Wasabato, Meru ni Wamethodisti. Si mara zote utapatia ila mara nyingi unapatia, na hilo peke yake inabidi litufikirishe, maana tunafundishwa kwamba imani ni jambo la mtu na Mungu wake, sasa mbona inafuata ramani?

Inafuata ramani kwa sababu ramani ilichorwa. Mgawanyo wa maeneo ya misheni ni makubaliano ambayo mashirika ya kimisionari, hasa ya Kiprotestanti, yalikuwa yanawekeana kwamba hapa ni kwenu na hapa ni kwetu, nyie msije kufungua shule wala kanisa upande huu na sisi hatutakuja huko kwenu. Sababu zao zilikuwa za kawaida tu, hela kidogo, watu wachache, na aibu ya kugombania waumini mbele ya watu wanaowahubiria upendo. Wakoloni nao wakaupenda utaratibu huo kwa sababu walishaona Buganda kilichotokea. Pale Mengo, makao ya kabaka, mwezi wa kwanza 1892 Waganda Waprotestanti na Waganda Wakatoliki walipigana vita kabisa, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akasimama upande wa Waprotestanti na bunduki zake za Maxim. Vita ilipoisha uchifu na ardhi vikagawanywa kwa dini, Wakatoliki wakapewa Buddu, ndio kule Masaka, na mpaka leo Masaka ni ngome ya Wakatoliki. Yani ukiitwa chifu ilikuwa lazima uwe na dini, na dini yenyewe iwe ile ya eneo lako.

Kwetu huku Tanzania mgawanyo ulifuata bendera ya mkoloni. Mfano Old Moshi, wa kwanza kufika walikuwa Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) kutoka Uingereza mwaka 1885, lakini mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana na Kilimanjaro ikaangukia kwa Mjerumani. Mwaka 1892 Wajerumani wakapigana na Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, wakashindwa vita ya kwanza, lawama wakazitupa kwa wamisionari wa Kiingereza, jamaa wakaondoka, na 1893 Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wakachukua nafasi. Kwa hiyo Ulutheri wa pale mlimani haukuanza na Mchaga aliyepima mafundisho ya Luther na ya Anglikana akachagua. Wakatoliki kwa upande wao hawakuwa kwenye makubaliano ya Waprotestanti, walishafika Kilema 1891, wakawa wanajenga jirani kabisa, ndio maana mlima ule umekaa viraka viraka.

Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani wakafukuzwa, na mkataba wa Versailles ukaweka kifungu kizima, cha 438, kuhusu mali za misheni zao zikabidhiwe kwa nani. Hapo angalia Bukoba, Wakristo waliobatizwa na Walutheri wa Bethel, misheni nyingine ya Kijerumani, walijikuta wako chini ya CMS, baadaye chini ya Wamethodisti wa Afrika Kusini, halafu Bethel wakarudi. Watu walewale, makanisa yaleyale, wanabadilishiwa tu wenye mamlaka. Wengi wao walikuwa wanaendesha ibada na shule zao wenyewe wakati wazungu hawapo, kwa hiyo kuambiwa leo mko kwa fulani kesho kwa fulani kuliwauma, na nafikiri lilikuwa haki yao kuwauma.

Mfano ambao mimi naona unaonesha vizuri kuliko yote ni wa Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mwaka 1902 vijana watatu wa Kimarekani wa Quaker, Hole, Hotchkiss na Chilson, wakaingia Kaimosi wakaanzisha misheni ya viwanda, wakiamini kwamba Injili iende na kazi za mikono, kupasua mbao, useremala, kujenga kwa matofali. Wengine wakajaza sehemu zilizobaki, wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill wakakaa Mumias, Church of God wakaishia kushika Kima kwa Wanyore, Waanglikana wakatoka Maseno wakafika Butere. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo mtu anaweza kutembea. Kila misheni ikaandika lahaja ya pale ilipokaa, Quaker wakatafsiri Agano Jipya kwa Kilogooli, Wanyore wakapata la kwao, Waanglikana wakatumia Kihanga, na watu waliokuwa wanaelewana sokoni bila shida wakaanza kusoma vitabu tofauti, kuimba nyimbo tofauti na kusomesha watoto shule tofauti. Baadaye zilifanyika juhudi za kuandika Kiluhya kimoja na ugumu wake mmojawapo ulikuwa huohuo, kila upande ushazoea Biblia yake.

Wamisionari wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Mwaka 1913 walikutana Kikuyu, kwenye kituo cha Wapresbiteri wa Scotland, kupanga namna misheni za Kiprotestanti zitakavyoshirikiana, na wakamaliza kwa Meza ya Bwana ya pamoja iliyoongozwa na askofu wa Kianglikana. Askofu Weston wa Zanzibar, Mwanglikana mwenzao, aliposikia akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kesi ikafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ushirikiano wenyewe ulikuja kuzaa kitu kikubwa, Alliance High School, mwaka 1926, shule iliyotoa viongozi wengi wa Kenya.

Hapo kwenye shule ndipo mgawanyo ulipouma zaidi. Serikali ya kikoloni haikutaka kutoa hela ya elimu, iliziachia misheni na kuzipa ruzuku, kwa hiyo kusoma ilimaanisha kubatizwa, na eneo lenye misheni yenye nguvu likapata makarani, walimu na manesi mapema. Mjerumani alikuwa na shule ya serikali Tanga tangu 1892 ambayo Waislamu walisoma bila kuguswa imani yao, lakini chini ya Mwingereza uzito ukahamia kwa misheni, na pengo hilo kati ya pwani na Kilimanjaro au Bukoba watu wanalijadili mpaka leo kama vile ni tabia za makabila, wakati lilitengenezwa na sera.

Halafu kulikuwa na sheria za misheni yako hata kama huzitaki. Mwaka 1929 Wapresbiteri na AIM (Africa Inland Mission) kule Ukikuyu waliwataka waumini waweke alama ya dole gumba kukubali kuachana na tohara ya wanawake, Waanglikana walitofautiana kituo kwa kituo, Wakatoliki hawakulikomalia. Binti mmoja ndugu zake wanafukuzwa shule kwa ajili yake, mwenzake kijiji cha pili hakuna anayemuuliza. Mimi sitetei ile tohara hata kidogo, ila maelfu walitoka wakaanzisha shule na makanisa yao huru, wakajenga mpaka chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, na serikali ikavifunga wakati wa hali ya hatari ya 1952. Sio wao peke yao, kule magharibi mwa Kenya Yohana Owalo alishaanzisha kanisa la Nomiya, na Elijah Masinde aliyetokea kwa Quaker akaanzisha Dini ya Msambwa. Ukiniuliza mimi hawa ndio waliouliza swali la msingi, kwamba Mungu wa wote anakuwaje na mipaka iliyochorwa na wageni.

Baada ya uhuru serikali ziliugusa mgawanyo huu kwa njia tofauti. Kenya kwa sheria ya elimu ya 1968 iliyageuza makanisa kuwa wafadhili wa shule, jina la dhehebu likabaki getini, Tanzania kwa sheria ya 1969 ikazitaifisha kabisa na mtoto wa dini yoyote akawa anapangiwa shule yoyote.