Paki si shamba la zabibu, dada yangu

Jumamosi asubuhi aliingia ofisini kwangu Makole, Dodoma, ninakowapangia watu safari za paki za michezo ya kupanda, mama mmoja, mtumishi wa serikali, daftari la kaunta kwapani. Alilifungua mezani kabla sijamaliza kumkaribisha kiti. Ukurasa mzima kapiga mistari kwa rula, na kila mstari una jina la mchezo, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nikahesabu. Michezo 31, siku tatu, Dubai na Abu Dhabi. Wasafiri ni yeye, mumewe, watoto watatu (wa mwisho ana miaka minne) na mama mkwe mwenye magoti mabovu. Mstari wa chakula haumo. Wa choo haumo.

"Dada yangu, hapa mtapumzika lini?"

"Tutapumzika tukirudi Dodoma, kaka. Pesa imeshatoka, lazima tuimalize yote."

Pesa imeshatoka. Kauli hii nimeisikia kwa waheshimiwa, kwa walimu, kwa wafanyabiashara wa Majengo, kwa shemeji yangu mwenyewe, na Jumamosi uvumilivu uliniishia. Naandika hapa ili mteja ajaye nimtumie kiungo badala ya kubishana naye hadi chai ipoe.

Tuanze na hesabu, maana watu wa pesa imeshatoka wanapenda hesabu. Rola kosta, ile treni ya kupanda na kuporomoka relini kwa kasi, inakubeba dakika mbili, tatu hivi. Foleni yake siku yenye watu ni dakika 45, na hapo hujalalamika. Michezo kumi ya namna hiyo ni saa saba na nusu za kusimama na nusu saa ya kubebwa. Tiketi uliyoinunua kwa uchungu umeitumia kuangalia kisogo cha mtu wa mbele yako.

"Basi tutakuwa tunakimbia kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine," akasema.

Haya, kimbieni. Chukua mchezo ambao treni inabeba watu 24 na inaondoka kila dakika. Kwa saa wanapanda watu 1,440, hapo hakuna kilichokwama wala aliyegoma kuvua kofia. Ukitimua mbio na mtoto mgongoni ukawapita watu kumi, umeokoa sekunde 25. Sekunde 25! Na mama mkwe umemwacha kule kwenye duka la kofia, kwa hiyo mtamsubiri dakika kumi. Kasi ya foleni iko mikononi mwa yule kijana anayekagua mikanda, na yeye hana habari kama umekuja mbio au umekuja unatambaa.

Sasa nikisema nendeni taratibu, hapo ndipo kero yangu kubwa inapoanza, kwa sababu hata wanaokubaliana nami wananielewa vibaya. Wanadhani taratibu ni kuchelewa. Wanaamka saa nne, wanakunywa chai ya hotelini hadi wahudumu wanaanza kufuta meza, wanafika getini saa nyingi baada ya kufunguliwa, foleni zote zimefura, halafu usiku wananitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, huo mwendo wako wa taratibu umetuharibia siku." Mwendo wangu? Mimi niliwaambia muwe getini nusu saa kabla halijafunguliwa!

Siku ya kutulia huanza kwa kuwahi. Saa moja, moja na nusu ya mwanzo, paki bado ina nafasi. Wengi wako njiani au wanatafuta maegesho. Hapo mnachukua michezo miwili mitatu ile ambayo familia itanuna ikiikosa. Mitatu, si minane. Muda huo ukiisha deni limekwisha, na kuanzia hapo hamdaiwi na mtu. Mnakula mapema kabla kundi la saa saba halijaivamia migahawa. Mchana foleni zikirefuka mnaingia kwenye maonyesho, mnapanda vile vibehewa vya taratibu vinavyomeza watu wengi kwa mpigo, mnakaa kivulini, mdogo analala kwenye kigari chake. Jioni wenye watoto wachanga wakianza kuondoka, foleni zinalegea, nanyi mna nguvu ya kupanda tena kile mlichokipenda asubuhi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hahitaji kufundishwa hili. Anaingia shambani alfajiri, jua likipanda yuko chini ya mti, na hakuna anayemwita mvivu. Tofauti ni kwamba yeye lazima avune mistari yote, maana zabibu zinaoza. Rola kosta haiozi. Ipo, itakuwepo na mwakani.

Nakiri kuna kichekesho hapa: namwamsha mtu saa kumi na mbili akiwa likizoni ili akatulie. Mke wangu hunicheka kila nikisema hivyo, na sijapata jibu la kumpa.

Nikupe mfano wa kutulia ninakokusema. Kabla ya korona nilipeleka kundi Florida, Marekani, kwenye Walt Disney World karibu na Orlando. Mle kuna paki nne kubwa; ya kwanza ilifunguliwa 1971, ya nne, Animal Kingdom, ilifunguliwa 1998, na eneo zima linazidi kilomita za mraba 100, kwa hiyo anayeniambia atalimaliza huwa simjibu. Ndani ya Animal Kingdom wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, wakakiita Harambe. Ndiyo, e moja. Nyingine sijui waliiacha uwanja wa ndege. Sura ya majengo wameiga Lamu. Kuta zimepakwa makusudi zionekane zimebanduka, kuna matangazo ya Kiswahili yaliyochorwa ukutani, na kuna mahali pameandikwa Uhuru 1961.

Kundini alikuwemo mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Kondoa. Wenzake walipita mbio kwenda kupanda magari ya wazi ya Kilimanjaro Safaris, dakika ishirini hivi za kuangalia twiga na tembo, wanyama ambao wangeweza kuwaona Ruaha bila viza. Mzee akakaa. Akavua kofia, akaagiza soda, akavaa miwani, akaanza kusoma ukuta. Niliporudi baada ya saa nzima nilimkuta na peni, ameandika maneno kwenye karatasi ya kufutia mikono, anahakiki ngeli moja moja.

"Elfu moja mia tisa sitini na moja ni sisi," akaniambia. "Kenya ni sitini na tatu. Kijiji hiki ni cha kwetu."

Binti wa kazini akapita akamrushia "Jambo!" la tabasamu, lile wanaloagizwa kulitoa. Mzee akaweka soda chini, akaitikia sawasawa: "Sijambo, mwanangu. Habari za nyumbani?" Binti akasimama. Kumbe ametoka Afrika Kusini na Kiswahili chake kinaishia hapohapo, lakini wakaendelea kwa Kiingereza karibu robo saa, wakiulizana habari za mvua. Baadaye nikampeleka kwenye ule mti mkubwa wa kutengenezwa uliopo katikati ya paki, una urefu wa mita 44 hivi na umechongwa wanyama zaidi ya 300 shinani na kwenye mizizi. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Mzee alihesabu hadi 74, shingo ikamuuma, akaacha. Mpaka leo akinipigia simu huanza na swali moja: je, wamerudisha ile e?

Vitu vya namna hii vimelipiwa ndani ya tiketi yako. Kuna fundi aliyelipwa kuchora ufa ukutani, na kuna mtu aliyekaa ofisini akafikiri benchi liwekwe wapi ili muziki ukufikie. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa 1843 na ipo hadi leo, tangu mwanzo ilikuwa bustani: miti, taa, muziki, mahali pa kula, na michezo ya kupanda. Ukipita benchi kwa kasi ili ukapange foleni, umeacha mali yako.

Njia za kulipia ili kuruka foleni: hapa nawaambia ukweli ambao hautanisaidia kibiashara. Kule Florida zamani ilikuwa bure. Ilianza 1999, mwaka 2021 wakaigeuza ya kulipia. Paki nyingi za Ghuba nazo zinauza mpango wa namna hiyo. Pale njia mbili zinapokutana, mfanyakazi hupitisha wengi wa njia ya kulipia, kisha wachache wa foleni ya kawaida, kwa hiyo kadiri wanavyonunua wengi ndivyo foleni yako inavyoganda. Je, anayekwenda taratibu ainunue? Nimewahi kuwauzia watu nikajuta, na nimewahi kuwakataza nikajuta zaidi. Kwa familia ya watu sita wanaowahi asubuhi nadhani ni hela ya bure. Nadhani. Ukiwa na siku moja tu, sijui nikushauri nini, na anayekuambia anajua mwulize anapata kamisheni kiasi gani.

Mambo madogo, harakaharaka. Likizo zetu za Juni zinaangukia joto la Ghuba linalopita nyuzi 40, kwa hiyo chagueni paki za ndani: IMG Worlds of Adventure ya Dubai, Ferrari World na Warner Bros. World za Abu Dhabi. Bebeni sweta, kiyoyozi chao hakina huruma. Kutoka Dubai hadi Abu Dhabi ni kilomita 140 hivi, kwa hiyo msiziweke siku moja. Msitoke Dodoma na treni ya asubuhi, mkapanda ndege usiku huohuo, mkashuka mkaenda moja kwa moja kwenye mabembea. Siku ya kufika ni ya kulala. Na pimeni watoto kimo kabla ya kuwaahidi chochote. Kwenye fremu ya mlango wa ofisi yangu nina alama za penseli za vimo vinavyotakiwa. Heri mtoto alie hapa Makole, ambako duka la aiskrimu liko jirani, kuliko alie baada ya dakika 50 za foleni.

Mashaka yangu mengine ni mawili. La kwanza, vijana. Mtoto wa miaka kumi na tano hataki benchi, anataka Formula Rossa, ile rola kosta ya Ferrari World inayofika kilomita 240 kwa saa, na akishuka anataka tena. Mbinu zangu zote kwake ni hadithi za wazee. Siku hizi namwacha aende na mzazi mmoja, wengine wanatulia, mnakutana saa nane. Inafanya kazi mara nyingi, si kila mara. La pili, usingizi wa mchana. Vitabu vya safari vinasisitiza mrudi hotelini mkalale. Florida, ukiwa hoteli ya ndani ya eneo, sawa. Dubai, ukihesabu teksi, lifti, kuoga, kumbembeleza mtoto na teksi nyingine, nimeona familia zikirudi zimechoka kuliko zilivyoondoka. Nimeacha kulisema kama sheria.

Turudi kwa yule mama. Tulikaa naye saa mbili, kalamu nyekundu mkononi, tukikata mstari mmoja mmoja. Kila nikikata ananitazama kama nimemnyang'anya kuku. Nilimwambia Jumapili awapeleke watoto Chinangali Park tangu asubuhi, asiwaharakishe, aangalie saa ambayo yule wa miaka minne ataanza kulia bila sababu. Jumatatu akanitumia ujumbe: "Saa sita na dakika kumi." Hakuongeza neno. Jioni akanitumia picha ya daftari, michezo imebaki 11, na pembeni, kwa maandishi ambayo si yake, yanayoonekana ya mzee, yenye kutetemeka, mtu ameandika: *na mimi nitakaa wapi?*

Nimemjibu nikimwomba apunguze ifike minane. Ameona ujumbe, bado hajajibu. Ndege yao ni Alhamisi.