Si Kila Treni ya Kukata Upepo Ilikuwa ya Rangi ya Fedha

Kwa mara nyingine mwezi huu, mteja ameniletea behewa la mfano la 20th Century Limited, treni maarufu ya abiria ya Marekani, na kuniomba nilikwangue rangi ya kijivu ili ling'ae kama fedha, kwa kuwa anaamini kwamba mabehewa yote ya treni za kukata upepo za Marekani, yaani zile zenye umbo laini la kupunguza ukinzani wa hewa, yalikuwa ya chuma cha pua kisichopakwa rangi. Nimeikataa kazi hiyo, na ninaeleza sababu kwa urefu kwani dhana hii imekwisha kuharibu mifano mingi mizuri.

Chuma cha pua kilichoachwa wazi kilikuwa hasa alama ya kiwanda cha Budd cha Philadelphia, kilichobuni namna ya kukichomelea kwa umeme, nukta kwa nukta, bila kukipunguzia uwezo wa kuhimili kutu. Hapo ndipo ilipoundwa Zephyr, treni ya kampuni ya reli ya Burlington, iliyokwenda kutoka Denver hadi Chicago bila kusimama tarehe 26 Mei 1934 kwa saa 13 na dakika 5. Hata hivyo, miezi michache kabla ya safari hiyo, kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa imekwisha kuionyesha M-10000, treni ya alumini iliyopakwa njano na kahawia. Mwaka 1938 ikazinduliwa 20th Century Limited mpya, ambayo Henry Dreyfuss aliisanifu kwa vivuli vya kijivu, huku mshindani wake, Broadway Limited ya kampuni ya reli ya Pennsylvania, akiwa na rangi ya damu ya mzee.

Hata mng'ao wenyewe hudanganya. Baadhi ya mabehewa ya Pullman-Standard, kiwanda kingine cha mabehewa, yalikuwa ya chuma cha kawaida kilichofunikwa kwa bati la chuma cha pua lenye migongo. Maji yalipopenya nyuma ya bati hilo, kutu ilikula chuma bila kuonekana. Kinyume chake, mabehewa ya Budd yaliyoanza kazi katika The Canadian, treni ya Kanada, mwaka 1955 yamebeba abiria hadi karne hii. Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo la rangi ya fedha, jua kwanza kampuni ya reli, kiwanda na mwaka.

Wengine husema umbo ndilo lililoleta kasi. Umbo lilisaidia, lakini wepesi na dizeli vilifanya kazi kubwa zaidi: Zephyr ilikuwa na mabehewa matatu yaliyochangia bogi (fremu za magurudumu), uzito wa takriban tani 100 na injini ya nguvu farasi 600 tu.

Wengine hudhani kwamba behewa refu litapita kona yoyote. Behewa la futi 85, katika kipimo cha mifano kiitwacho HO (1:87), lina urefu wa karibu sentimita 30, na kwenye kona ya nusukipenyo cha sentimita 46 litaning'inia nje vibaya au litaacha reli. Tandika kona za sentimita 75 au zaidi. Kama chumba hakitoshi, nunua mabehewa yaliyofupishwa.