Fedha za Majaribio Zianzie Zahanati

Mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini anayajua mengi yasiyoonekana kwenye taarifa ya robo mwaka. Anajua kwamba masika yakianza, kitongoji cha ng'ambo ya mto hakileti mjamzito hata mmoja kliniki. Anajua kuna akina mama waliofika mara moja, wakaambiwa waje na waume zao, wasionekane tena. Mara nyingi na dawa ya tatizo anayo kichwani. Hana laki tano za kuijaribu, wala mtu wa kumwambia kwamba akikosea hataandikiwa barua.

Tunaposema usawa katika afya, watu hudhani ni kumpa kila mtu kilekile. Zahanati hufunguliwa saa zilezile kwa wote, lakini mmoja hutembea dakika kumi na mwenzake hutoka nyumbani alfajiri. Pengo hilo aliye wizarani Dodoma hulisoma kama wastani wa mkoa. Muuguzi wa zahanati hulijua kwa majina ya watu.

Ndiyo maana nasema fedha za kujaribu mawazo zianzie kwa watumishi wa zahanati, na njia ya kuzipitishia ipo tayari. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kukaa halmashauri kusubiri foleni. Kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, inapanga na kuidhinisha. Shida ni kwamba bajeti ya kituo humezwa na dawa, vifaa tiba na matengenezo. Kifungu cha "tujaribu hiki tuone" hakipo, na mkaguzi hapendi neno tujaribu.

Kwamba watumishi wanaweza kuongoza mabadiliko wenyewe, hilo lilishaonekana. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mfumo wa 5S na Kaizen, yaani mbinu za Kijapani za kupanga sehemu ya kazi na kuiboresha kidogo kidogo, uliochukuliwa kutoka hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Wauguzi, wahudumu na watunza stoo waliunda timu zao na kupanga upya sehemu zao za kazi, kisha mfumo ukaenea hospitali nyingine. (Kuna kwingine uliishia kwenye mistari ya rangi sakafuni na vibandiko mlangoni, hilo nalo ni funzo.) Mfano mwingine ni m-mama. Huduma hii ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ilianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na ambulensi isipopatikana huitwa dereva wa palepale aliyesajiliwa na kulipwa kwa simu. Mwaka 2022 ikazinduliwa kitaifa, na leo ukipiga 115 hulipi.

Sasa tuseme muuguzi anataka huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu waliko, ihamie siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo wafugaji wote wako sehemu moja. Anahitaji mafuta ya pikipiki, turubai, pazia la faragha na posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua Kimaasai au Kisukuma. Ukimtaka andiko la kurasa thelathini, umemnyima. Mimi ningemuuliza maswali matatu kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: nani hafiki, unadhani kwa nini, na utajuaje ameanza kufika. Ningempa milioni mbili hadi tano kwa miezi sita, kwa sharti moja gumu: hakuna semina ya uzinduzi. Tunajuana, semina ikiingia, posho za wageni hula mafuta ya pikipiki.

Kupima nako kusimtese. Rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, zina safu ya kijiji na kitongoji ambayo ni nadra mtu kuijumlisha. Aihesabu kabla ya kuanza na kila mwezi baadaye. Jumla ya kituo inaweza kupanda kwa sababu wa jirani wamekuja mara nyingi zaidi, huku ng'ambo ya mto bado ni sifuri. Jaribio la namna hiyo limeshindwa, hata grafu ikipendeza vipi, na aliyeandika ukweli huo apewe fedha za kujaribu tena. Akitaka kuligeuza kuwa utafiti wa kuchapishwa, hapo kibali cha maadili kitafutwe kwanza.

Kinachoua majaribio mengi ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na wazo lisiloingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri halina fedha mwaka unaofuata. Jaribio likianza Julai, Desemba mganga mkuu wa wilaya ana takwimu mkononi kabla bajeti haijafungwa. Likianza Januari, takwimu hufika Juni, bajeti imeshapita, na turubai hurudishwa stoo.