Joto la kukimbia katika gemu za kuokoka kwenye baridi

Joto la kukimbia ni joto linalozalishwa na misuli ya mhusika wako anapokuwa mbioni, na ambalo gemu inaliongeza kwenye hesabu ya joto la mwili wake. Linadumu kadiri anavyokimbia. Akisimama linakatika muda si mrefu, ila baridi, upepo na nguo zilizolowa vinabaki palepale. Wachezaji wengi kwenye mabanda ya gemu hapa Dodoma wanafia hapo: wanaona alama ya joto inapanda wakikimbia, wanadhani wamepata dawa ya baridi, wanakimbia mpaka pumzi inawaishia katikati ya theluji.

Gemu zimeiga mwili, kwa hiyo tuanzie kwenye mwili. Misuli inapotumia nguvu ya chakula, takriban robo tu ndiyo inayofanya kazi ya kukusogeza. Iliyobaki inatoka kama joto. Mtu mzima aliyekaa kimya anatoa joto la wati 100 hivi. Mwenye kilo 70 akikimbia kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mwili wake unatumia wati 800 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni joto. Ndiyo maana anayefanya mazoezi alfajiri kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwezi wa Julai, nyuzijoto zikiwa 13 au 14, anatoka nyumbani amejikunyata ndani ya sweta, na kabla hajafika mbali sweta liko kiunoni.

Lakini joto hilo lina gharama. Ni kama kupepea jiko la mkaa: moto unakolea papo hapo, na mkaa unaisha upesi. Katika The Long Dark, gemu ya Hinterland ya Kanada iliyotoka rasmi mwaka 2017, kila dakika ya mbio inakula kalori nyingi kuliko dakika ya kutembea, na chakula porini ni cha kuhangaikia. DayZ nayo inahesabu waziwazi kwamba mwendo unaleta joto, huku njaa na kiu vikikufuata nyuma. Kuna gemu nyingine hazitoi joto lolote kwa mbio. Zinakukata pumzi na chakula tu. Kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyecheza gemu tofauti usiuchukue mzimamzima.

Jambo la pili ni upepo, na hapa watu wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa sana. Mtazame dereva wa bodaboda anayetoka Ihumwa kuja mjini saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kipupwe: koti zito limefungwa mpaka shingoni, glavu mikononi, pengine na kitambaa puani. Abiria anayemsubiri kituoni amevaa shati na kijisweta chepesi. Hewa ni ileile. Tofauti ni kwamba mwili hupasha utando mwembamba wa hewa unaogusa ngozi, na utando huo ukipeperushwa inabidi upashwe mwingine, na mwingine tena. Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri yenye upepo wa kilomita 10 kwa saa inahisiwa usoni kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Mkimbiaji anajitengenezea upepo wake hata mahali palipotulia, na akikimbia kuukabili upepo wa kweli anajumlisha yote mawili. The Long Dark inakuonyesha hesabu hii kwenye skrini: hewa, upepo na nguo vinawekwa pamoja, unapewa kiwango cha baridi unachokihisi. Kiangalie hicho kabla ya kuangalia kipimo cha hewa peke yake.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni unyevu. Maji yanabeba joto kutoka mwilini takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mtu anayekimbia na makoti matatu anatoka jasho. Jasho linaingia kwenye nguo za ndani. Akisimama, misuli imeacha kuzalisha joto na nguo mbichi zimemgandama. Mwili unaanza kutetemeka, na joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 kutoka 37 za kawaida, tayari ni hali ya hatari. Watu wa nchi za barafu wanalijua hili zamani sana. Roald Amundsen, Mnorwei aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, alijifunza miaka kadhaa kabla, kwa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, kuvaa nguo za ngozi zilizolegea ili hewa ipite na jasho lisikae mwilini.

Gemu nyingi hazilipi jasho uzito huo. Zinakulowesha kwa mvua, theluji au kutumbukia mtoni. Matokeo yanafanana lakini. Katika DayZ nguo zilizolowa zinapoteza kinga, na inabidi uzikamue na kuzikausha kwenye moto. Katika The Long Dark zinaweza kuganda kabisa. Ukishalowa, mbio zinakupa nafuu ya kufika tu.

Na kufika ndiko kunakozipa mbio thamani. Ukiiona nyumba au pango, na una kiberiti na kuni, kimbia; joto la misuli litakuvusha, na likikatika moto utakuwa umewaka. Kama hujui unakokwenda, tembea kwa mwendo wa kudumu, ukae upande usio na upepo, utunze pumzi kwa ajili ya mbwa mwitu.

Kujua gemu yako inahesabu vipi, jaribu ukiwa umeshiba, nguo kavu, mahali pasipo upepo. Simama mpaka alama ya joto itulie, kimbia tambarare mpaka pumzi ikaribie kuisha, kisha simama tena bila kugusa kitu. Usiangalie ilivyopanda tu. Angalia inavyoshuka, na inachukua muda gani kurudi ulipoanzia. Halafu rudia ukiwa umelowa.